Ondoeni Zile Spesa Nilizowaambia Muweke

Kama umekuja hapa kutafuta ile video ya "Escudo Juu kwa Elfu 24", usihangaike. Haiko. Akaunti haijadukuliwa, na hakuna mtu ameniripoti. Nimeitoa mwenyewe Jumanne usiku, na wale mnanijua vizuri mnajua hiyo ndiyo video ilikuwa inanilipia nyumba.

Ningeweza kurekodi hii badala ya kuandika. Lakini nikiona kamera huwa naanza kuchekesha watu, na leo sitaki.

Wiki tatu zilizopita nilipata picha kwenye inboksi. Escudo nyeupe imelala ubavu, magurudumu yanaangalia bonde, kwenye njia ya kupanda Mlima Suswa kutoka barabara ya Narok. Keria imepindika. Matairi ni mapya kabisa, hata zile nywele za mpira hazijaisha. Chini ya picha msee ameandika, "Buda, unajua fundi mzuri wa kunyoosha paa?" Halafu akaongeza, bila hasira yoyote, kwamba alijenga gari yake akifuata video yangu hatua kwa hatua, hadi kwa yule jamaa wa lathe niliyewaonyesha.

Ndani walikuwa wanne. Watatu walitoka na mikwaruzo. Dada yake mdogo, aliyekuwa amekaa nyuma, alivunjika mtulinga. Kama ulikuwa hujui hilo neno, hata mimi nilikuwa silijui. Ni ule mfupa unaotoka begani kuja shingoni. Sasa nalijua.

Wacha niwaambie nilichofanya kwa gari yangu, pamoja na hesabu yote, kwa sababu nilisomea uhasibu mwaka mmoja na nusu kabla karo inishinde, na kitu pekee nilichotoka nacho chuoni ni tabia ya kuandika kila shilingi. Gari ni Suzuki Escudo ya 2008, injini ya lita 2, gia otomatiki. Niliinunua ikiwa tayari imezunguka kwa mikono ya watu watatu. Kwenye video niliwaambia hivi: spesa nne za alumini zilizochongwa kwa lathe, 14,000. Kufunga, 7,000. Alaimenti, 3,000. Jumla 24,000, na gari imepanda inchi mbili. Nikasimama kando yake, nikaweka muziki, nikaondoka na kofia kama nimevumbua umeme.

Yaliyofuata sikuwaonyesha. Mwezi wa pili, mabuti ya shafti za mbele yalipasuka na grisi ikatapakaa kwenye rimu yote kwa ndani: 5,000. Mwezi wa nne shafti ya kushoto ikaanza kulia kwa kona, tak-tak-tak, nikanunua ya mtumba: 16,000. Alaimenti mara mbili zaidi: 6,000. Matairi mawili ya mbele yaliisha upande mmoja kama kisigino cha kiatu: 34,000. Mikono ya chini ya mbele, kwa zile jointi zake: 9,000. Hiyo ni 70,000 juu ya zile 24,000. Kwa hiyo jina la kweli la ile video lingekuwa "Escudo Juu kwa Elfu 94 na Bado Inalia". Nani angebonyeza hiyo?

Sasa mbona haya yote yalitokea? Sitawaambia "ni fundi alikosea", kwa sababu fundi alifunga vizuri. Ni kitu chenyewe.

Escudo ya kizazi hiki haina ekseli nzima mbele wala nyuma. Kila gurudumu linapanda na kushuka kivyake. Mbele, springi na shoki ni kitu kimoja, zimesimama pamoja kama nguzo. Ukiweka spesa juu ya hiyo nguzo, hujaongeza springi wala shoki. Umesukuma tu gurudumu lishuke chini, mbali na gari. Shafti inayotoka kwenye difu kwenda gurudumuni ilitengenezwa ikiwa karibu imelala, na sasa inateremka kama ngazi. Gurudumu likianguka kwenye shimo linashuka hata zaidi, na ile jointi inapinda kupita pale ilipangiwa. Buti la mpira linavutika, linapasuka, vumbi linaingia, mchezo umeisha. Paipu za breki nazo zinavutwa. Hizo hakuna mtu huziangalia, hadi siku ya kuteremka Escarpment.

Nyuma ni hadithi nyingine. Huko springi iko kivyake na shoki iko kivyake. Spesa inakaa na springi, lakini shoki imebaki na urefu wake wa zamani. Gari ikipanda inchi mbili, shoki tayari imevutwa ikiwa imesimama tu kwa parking. Ukipita tuta, gurudumu linataka kushuka, shoki inafika mwisho, unaskia "kok!" chini ya kiti. Nilikuwa nadhani hiyo ni sauti ya gari ngumu.

Halafu kuna uzito. Hapa ndipo Suswa inaingia.

Msee wa ile picha hakuwa anakimbia. Alikuwa kwa 4L, mwendo wa mtu anayeenda kununua maziwa. Ile njia ina vumbi laini kama unga, na mvua ikipita inachimba mifereji ndani yake. Magurudumu ya kushoto yakaingia kwa mfereji, gari ikainama upande wa bonde. Anasema ilisimama hivyo kidogo, kama inafikiria. Ndipo ikalala.

Juu ya paa alikuwa na vitu vyote ambavyo mimi huwa navyo kwenye picha zangu. Tulihesabu pamoja kwa simu. Keria ya chuma, kilo 45. Tairi la pili la spea, 25. Jerikeni ya maji ya lita 20, hiyo ni kilo 20. Jerikeni ya petroli ya lita 20, kama kilo 15 bila kuhesabu mtungi. Koleo, jeki na takataka zingine, 15. Kilo 120, kwa mahali pa juu kabisa, kwenye gari ambayo imeshainuliwa sentimita tano. Fikiria mstari unaoshuka moja kwa moja kutoka katikati ya uzito wa gari hadi chini. Gari ikiinama, huo mstari unasogea kuelekea matairi ya upande wa chini. Ukipita nje yao, umelala. Upana wa gari haukuongezeka hata nukta, ni urefu tu ndio umeongezeka, kwa hiyo safari ya huo mstari imekuwa fupi.

Kuna mtu ataandika kwenye komenti kwamba hata gari isiyoguswa ingeanguka pale. Labda. Lakini isiyoguswa, na hayo maji yakiwa kwenye buti badala ya paa, ingekuwa na nafasi kubwa kuliko aliyopewa na mimi. Hiyo nafasi ndiyo nilimuuzia kwa ajili ya picha.

Na kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshajua. Si zile hesabu, hizo nimezisoma juzi. Lakini mwili wangu ulikuwa unajua. Baada ya kuinua gari, nilianza kuchukua kona za Corner Baridi polepole kuliko zamani. Nilikuwa nashika usukani kwa mikono miwili nikipitana na malori. Gari ilikuwa inayumba, na mimi nikaendelea kuiita dume.

Nataka kuwaambia kuhusu mzee mmoja, kwa sababu nilimficha pia.

Mwaka jana Februari nilienda Chalbi. Mkumbuke siku hizi kufika Marsabit ni lami tupu kutoka Isiolo, hata Probox inafika, na kuna ile barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis iliyotengenezwa wakati wa kujenga mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana. Nyinyi mliona kwenye video nikipita huko na spotilaiti zote zimewaka mchana. Kitu ambacho hamkuona ni kwamba baada ya Maikona, kuelekea Kalacha, nilitoka kwa njia iliyokanyagwa ili nipate picha ya drone bila alama za matairi ya wengine. Mita mia mbili hivi. Gari ikazama hadi kwenye difu. Nikabonyeza mafuta, ikazama zaidi. Nikachimba saa moja na nusu na sufuria, kwa sababu koleo nilikuwa nimeiacha nyumbani ili keria ikae fiti kwenye picha.

Akaja mzee na Suzuki ya zamani sana, ile ndogo ya boksi, chuma mbichi, haijainuliwa hata milimita, nyuma ana mbuzi wawili. Akasimama mbali, kwa njia, akatembea hadi nilipo.

"Habari ya mchana, mzee," nikamwambia.

"Kijana, umeweka upepo ngapi kwa hizi tairi?"

"Thelathini na mbili."

Hakusema kitu. Akachutama, akatoa kijiti cha mswaki mfukoni, akabonyeza vali. Sssss. Alipomaliza ya kwanza akanipatia kijiti nifanye zilizobaki. Hatukuwa na geji, alikuwa anaangalia tu vile tairi linajitanua tumbo. Kisha akaniambia niweke gia ya chini, nisibonyeze mafuta, niache gari itembee yenyewe kurudi nyuma kwa alama zangu nilizoingilia. Ikatoka. Kwa jaribio la kwanza. Lita mbili za jasho na alumini ya 14,000, na kilichonitoa ni kijiti.

Sikumrekodi. Nilikuwa na aibu. Nikamrekodi tu mbuzi.

Kwa hiyo hii hapa ndiyo video ningepaswa kutengeneza, na naiandika kwa haraka sehemu ambazo ni rahisi.

Upepo. Gari yako ina kibandiko kwenye mlango wa dereva kinachosema presha ya barabarani. Kwa Escudo yangu ni kama 30 hivi. Murram yenye mawimbi nashuka hadi 24 au 26, na meno yanaacha kugongana. Mchangani 18. Chini ya 15 sishuki, kwa sababu rimu za kawaida haziwezi kushikilia tairi, unaweza kukata kona ukaliacha nyuma. Tairi likishuka upepo linakuwa refu pale linapokanyaga, uzito unasambaa, huzami. Na ukirudi kwa lami unajaza tena kabla hujafungua mwendo, la sivyo linapata moto hadi linapasuka. Geji ni 800. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwa gari ni 6,000. Hiyo ni 6,800, na nakuapia inafanya kazi kuliko kila kitu nilichowahi kufunga kwenye hii gari.

Tairi lenyewe. Watu wanadhani tairi kubwa ndiyo njia ya kupanda. Fanya hesabu. Kutoka 225/70 R16 kwenda 245/70 R16, kipenyo kinaongezeka milimita 28. Nusu yake ndiyo inakuinua: milimita 14. Unene wa kidole. Na umefanya gia zako zote kuwa nzito, na spidomita inakudanganya kwa kusoma chini. Weka saizi ya kiwandani, lakini yenye ubavu mgumu na meno ya barabara zote. Pesa ya keria ipeleke hapo.

Gia. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo naona watu wengi wenye hizi gari wanakufa na njaa wakiwa na chakula kwa mkono. Ile swichi ya kuzungusha kwenye dashibodi ya Escudo, 4H, 4H LOCK, 4L LOCK na N, nusu ya watu walionunua hawajawahi kuigusa. Kuna msee aliniuliza kama N ni ya "normal". Hapana bana! Hiyo ni nyutro, ya kuvutwa. Siku zote gari hii inasukuma magurudumu manne, lakini katikati kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Mbele ikiteleza, nguvu inakimbilia mbele, unabaki hapo. Ukifunga LOCK, mbele na nyuma zinalazimika kuzunguka sawa. Ukienda 4L, gari inatembea polepole karibu mara mbili kuliko kawaida kwa nguvu ileile ya injini, na kwa mteremko hauhitaji kukanyaga breki kama unaua nyoka. Kuingia 4L simamisha gari, weka gia nyutro, ndipo uzungushe. Na LOCK usitumie kwa lami kavu, magurudumu ya mbele na nyuma hayatembei umbali sawa kwenye kona, utasikia gari inakaza kama imeshikwa na mtu.

Toyota Rush ina kufuli hiyo ya katikati pia. Watu wa Forester mtulie. Gari yenu iko juu kuliko Escudo kutoka kiwandani na kwa matope ya kawaida inatambaa vizuri sana, ila gia ya chini hamna, kwa hiyo mlima wa mawe msiulazimishe hadi gia ianze kunuka.

Macho. Mawe na mifereji inapitwa kwa miguu kwanza. Mtu anashuka, anatembea mbele, anaonyesha dereva kwa mikono. Kama pale Suswa mtu mmoja angeshuka. Nafikiria hiyo kila usiku. Na kwa miinamo ya ubavu, abiria wote washuke, full stop. Huko kwangu kwenye video abiria ndio waliokuwa wanapiga kelele za kufurahisha, kwa hiyo sikuwahi kuwashusha.

Na gari ya pili. Ukienda Magadi, usidanganywe na ule ukoko mweupe wa magadi. Unaonekana kama saruji, chini yake ni tope jeusi, na ukipasua huko peke yako utaongea na flamingo. Ukienda Kaskazini, laga kavu ni mto, haijalishi jua limewaka vipi hapo ulipo. Mvua inaweza kuwa imenyesha milimani ambako huoni. Usipige kambi ndani.

Sasa mtaniambia Jimny watu wanainua kila siku. Ndiyo, na Jimny ni gari tofauti. Ina ekseli nzima mbele na nyuma, imekaa kwa fremu. Ukiinua Jimny kwa springi na shoki za urefu unaolingana, shafti zilizo ndani ya ekseli hazijui hata kwamba kuna kitu kimetokea. Lakini kuna kichekesho hapo: difu nayo inabaki palepale, kwa sababu iko kwenye ekseli, na ekseli inainuliwa na tairi peke yake. Utaona mtu amepandisha Jimny hadi anapanda na stuli, difu bado inagonga jiwe lilelile. Na ile mpya, iliyotoka 2018, tayari ina milimita 210 chini na pua fupi inayopanda karibu ukuta. Imetoka kiwandani ikiwa inaweza kuliko dereva. Nikiwemo.

Mwingine atataja Rhino Charge. Wasee, Rhino Charge imekuwepo tangu 1989, na nusu yetu tunaijua kwa picha za gari zilizo hewani tu. Tunasahau kwamba mshindi pale si mwenye kasi. Wanapewa saa 10 kufika vituo 13, na anayeshinda ni aliyetembea umbali mfupi zaidi. Na zile gari zina mabomba ya chuma ndani kushikilia paa, mikanda ya kufunga mabega yote, na watu wanaokimbia kwa miguu mbele wakitafuta njia. Gari ikilala pale, watu wako ndani ya kizimba. Dada wa msee wangu alikuwa na mkanda wa kawaida na kioo.

Sisemi usibadilishe gari. Mimi napenda hizi vitu, ndizo zilinitoa kitandani mwaka ule niliacha shule na kila jirani alikuwa na maoni. Kama unapiga tumbo kila safari na umeshajua kuendesha, tafuta springi na shoki zilizotengenezwa kwa gari yako, pamoja, inchi moja au moja na nusu, kagua shafti na paipu za breki, halafu iambie kampuni yako ya bima. Itakugharimu zaidi ya elfu 100. Kama hiyo pesa hauna, na mimi sikuwa nayo, basi hauhitaji lifti. Unahitaji geji.

Nilienda kumwona. Si yeye tu, kwao, Rongai. Nilibeba mkate, maziwa na unga, kama mtu anaenda matanga, sikujua kingine cha kubeba. Msee mwenyewe alinipokea kama nyota, akanipiga picha na majirani, hapo karibu nirudi nyumbani. Dada yake alikuwa kwenye sofa na mkono umefungwa kifuani. Yuko kidato cha nne. Mkono wenyewe ni wa kulia, na mitihani ni mwaka huu.

Mama yao akaleta chai. Akaniangalia muda, halafu akaniuliza, "Ni wewe ndiye mwalimu wao wa magari?"

Nikasema, "Hapana mama, mimi huweka tu video."

Akasema, "Yeye anasema ni mwalimu." Akaenda kuongeza sukari.

Nimekuwa na hiyo jibu langu kichwani tangu siku hiyo. Mimi huweka tu video. Nikiwa nauza, mimi ni mtaalamu, "niaminini watu wangu". Mtu akiumia, mimi ni kijana tu na simu. Haiwezi kuwa zote mbili. Kama watu wanakata gari zao wakifuata maneno yangu, basi mimi ni mwalimu, cheti au hakuna cheti, na mwalimu akifundisha vibaya hafuti ubao kimyakimya aende nyumbani.

Ndiyo maana sikutaka tu kuitoa video ninyamaze. Kuna duka moja la vipuri lilikuwa limenilipa nusu ya pesa ili nitengeneze sehemu ya pili, "Inchi Tatu". Nimewarudishia. Hawakufurahi, na mwenzangu mmoja wa hii kazi alinipigia akaniambia najimaliza, ati watu wanajua hii ni burudani. Nikamuuliza kama yeye ameshainua yake. Akasema hapana, ana watoto.

Bima ya msee wangu ni ile ndogo, ya kulipa wengine tu, kwa hiyo paa ni juu yake. Tumekubaliana nitalipa nusu, kidogo kidogo. Wa kulipia daktari walikuwa wamechanga ukoo mzima kabla sijafika. Mimi nimeuza keria yangu na spotilaiti. Aliyenunua keria nilimuuliza anaweka nini juu, akasema godoro. Nikamwambia godoro ni sawa.

Spesa zangu zilitoka Alhamisi. Fundi alinicheka, akaniuliza niko serious, kisha akazifungua kwa saa mbili na nusu. Gari imerudi chini na inaonekana kama ya mwalimu mkuu. Kwa kona ya kwanza baada ya gereji nilikuwa nimesahau vile ilikuwa inashika barabara.

Kwa wale mlioweka spesa kwa sababu yangu: fundi ananifanyia kutoa kwa 4,000, na nimeongea naye, akifikisha gari kumi mimi nalipa nusu ya hiyo. Mkiwa mbali, mpelekee fundi wako na umwambie aangalie mabuti ya shafti na paipu za breki akiwa bado huko chini. Jumamosi hii kuanzia saa tatu asubuhi nitakuwa Kiserian, pale malori hugeukia kuelekea Magadi, na kompresa na geji mbili. Hakuna kamera. Njooni na kile kitabu cha gari kama bado kiko kwenye droo, na kama mtu ana geji ya tatu alete, moja yangu inasoma juu kwa PSI mbili.